Robo ya Kindi

Wanyama walipoanza kumiliki mali kwa vipande, Kindi, Fuko, Panya na Kwale walichanga wakanunua hisa moja ya ghala la karanga la Nungunungu. Kila mmoja akapata robo.

Kindi alipenda mahesabu. Kila asubuhi aliuliza bei ya karanga, kisha akachora mstari kwenye gome la mti wake. Bei ikipanda, mstari ulikuwa mrefu zaidi. Ukaja ukame, bei ikapaa.

"Tumetajirika, mke wangu!"

"Watoto hawajala tangu juzi," mkewe akamjibu.

Kindi akaenda ghalani. "Bwana Nungunungu, naomba robo yangu."

"Ghala hufunguliwa kwa hisa nzima, na ndivyo mlivyokubali. Walete wenzako watatu."

Kindi akawafuata mmoja mmoja. Wote aliwakuta wamekufa njaa.

"Pole sana," Nungunungu akasema huku akitafuna. "Lakini bei ya leo haijawahi kutokea. Nenda kachore."

Kindi akajikokota hadi mtini, akachora mstari mrefu kuliko yote.

Waliomkuta amekufa chini ya mti walikagua gome lote. Hesabu haikuwa na kosa hata moja.