Mti Uliovuliwa Nguo

Semeni alipanda msituni kuutazama mti wa dawa, akamkuta Bibi Nakomolwa, mtunza msitu wa mji wao, amechuchumaa shinani na ndoo ya udongo. Juzi, baba yake akiwa hoi kwa homa, Semeni alibandua gome la mti ule kuuzunguka wote. Watu wa mlimani huchukua la upande wa mawio tu. Mti uliobanduliwa hivyo hufa, na aliyeuua haruhusiwi tena kuingia msituni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeuvua nguo?"

"Ni mimi. Niliona dawa kidogo haitamfaa baba."

"Anaendeleaje?"

"Jana kanywa uji. Leo kamtukana mbuzi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Huyo kapona. Haya, lete mikono."

Wakakata vijiti vibichi kwenye matawi ya mti wenyewe, wakavichomeka toka gome la chini hadi la juu, vikavuka kidonda kama madaraja. Wakavifunga kwa kamba za mgomba, kisha wakakandika udongo.

"Mti utapona, bibi?"

"Nimewahi kuifunga mitatu. Mmoja uko hai."

"Na mjini utawaambiaje?"

"Kwamba tulikuwa wawili tukiufunga."

Semeni akasogea karibu zaidi. Akalikumbatia shina, viganja vyote viwili juu ya udongo mbichi, na hakuondoka hata ubaridi wake ulipoanza kuisha.