Mvi za Kungoja

Asubuhi ambayo mumewe alikuwa anarejea baada ya miaka tisa ughaibuni, Mwanasha alikaa mkekani asukwe. Msusi wake, Bi Rukia, akachambua nywele, akang'oa mvi moja, kisha ya pili, kisha akaacha.

"Mbona umeacha?"

"Shoga yangu, nikiendelea nitakuachia upara."

Mwanasha akaomba kioo. Mle ndani alimwona mama yake.

"Aliniaga nina miaka thelathini na tano," alisema taratibu. "Akaapa hatapitisha mwaka."

"Nikupake piko, zirudi nyeusi?"

"Hapana. Acha aione miaka yangu ilivyoliwa."

Nje vigelegele vikapigwa. Mwanasha hakuinuka. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimesukwa. Za upande wa pili zilisimama wima, nyeupe kwa nyeusi, na mlango ukaanza kufunguka.