Vidonge vya Kuombana

"Mama, hizi ni dawa za presha, si chumvi ya kuombana!" Siwema alifoka, akitikisa kopo lililobakiwa na vidonge viwili.

"Mie kichwa hakiniumi, mwanangu. Jirani yetu Bi Kache kinamgonga tangu juzi. Nimnyime?"

"Presha haingoji kichwa kianze kuuma! Na yeye hajapimwa hata siku moja."

"Basi kamwambie wewe, msomi."

Kila mwezi ni yaleyale. Siwema alichoka kubishana. Alimtia mama yake kidonge mkononi, akamsimamia mpaka akakimeza. Kisha akavuka ua, akagonga mlango wa jirani kwa ngumi.

"Bi Kache, vaa viatu. Tunakwenda kupimwa sasa hivi."

Ndani, komeo likasogea kidogo, likasita.