Ni Kelele Tu

King'ora kililia zizini kwa Mzee Waisiko asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, na wanaume wa Gorong'a wakatoka mbio na mapanga na mishale. Mwingine hata viatu hana. Huko yowe halichaguliwi: ukibaki nyumbani leo, kesho utapiga lako peke yako.

Mama Boke, mjane, alisimama langoni kwake. Kila kijana aliyepita mbio alimtupia shikamoo. "Marahaba, kimbieni!" Mwanawe Nchagwa alipochomoka na upinde, alimpigia kelele, "Usiumie, Jumamosi unaoa!" Ng'ombe wa mahari, jasho lake la miaka yote ya ujane, walikuwa tayari zizini kwake.

Rhobi, dada yake Nchagwa, alikimbia nyuma akihema. King'ora kile alikifunga yeye.

"Heri kimelia," alijiambia. "Heri wezi hawajakizima."

Kuzimwa ndiko alikokuogopa. King'ora kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na namba imebandikwa langoni. Lango likiguswa, honi ililia. Kingeweza pia kulizwa kwa ujumbe, ila kutoka simu ya fundi tu. Siku moja, akikijaribu, Rhobi alitumia simu ya jirani kwa bahati mbaya. Loo! Honi ikalia vilevile. Yaani mtu yeyote mwenye namba ile, popote alipo, angeweza kukiliza.

Aliiandikia kampuni iliyokitengeneza. Kimya. Akawaandikia wale wanaotunza orodha ya dunia ya kasoro za mitambo, ile ambayo kila kasoro hupewa namba na kiwango cha hatari, na yeyote mwenye intaneti huisoma. Hao walijibu. Je, mgeni anaweza kukizima? Hawezi, alisema, nimejaribu mpaka nimechoka. Na kikilia bure, kuna madhara gani?

Rhobi alicheka peke yake. Madhara gani tena, jamani?

"Majirani watasumbuka kidogo," aliandika. "Ni kelele tu."

Kasoro ikapewa namba. Hatari: ndogo. Ikatangazwa, pamoja na maelezo ya jinsi inavyofanyika, na Rhobi akajisikia fundi kweli kweli.

Mzee Waisiko alipoelezwa alimtania, "Kwa hiyo ubovu wake ni kulia hovyo? Basi wa namna hiyo ninaye ndani, nimemuoa."

Sasa walifika kwake. Lango lilikuwa limefungwa. Mzee alikuwa katikati ya ng'ombe wake, anawahesabu tena, honi ikimlilia kichwani.

"Wote wapo," alisema. "Hata unyayo wa mtu sijauona."

Wanaume wakazunguka zizi. Umande ulikuwa haujakanyagwa. Nchagwa akateremsha upinde, na mmoja akaanza kucheka kwa hasira.

"Fundi, mtambo wako umeota ndoto? Umetutoa kijiji kizima!"

Rhobi alipanda kwenye nguzo ya lango, akachomoa waya. Mlio ukakatika, na ukimya uliofuata haukumpendeza hata kidogo. Hakuna mbwa aliyebweka.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, akinong'ona.

"Rhobi, hawa vijana mliowatuma kuwatoa ng'ombe wetu, mbona hata shikamoo hawanipi?"