Viatu vya Mwalimu Mkuu

Mama aliviacha viatu vyake mlangoni kama walimu wengine, maana chumba cha kompyuta hakitaki vumbi. Viatu hivyo vikilia koridoni, shule nzima hunyamaza. Leo mwalimu mkuu alikaa mbele yangu pekupeku, na anayemfundisha ni mimi, bintiye.

Kazi ilikuwa ndogo tu: aandike jina lake, alichapishe.

Jina aliliandika. Kuchapisha ndiko kulikomshinda. Mshale ulimkimbia huku na huku kwenye kioo. Akakikamata kipanya kwa mikono miwili, chaki imemjaa kwenye kucha, akakibana utadhani kitaponyoka.

Walimu wakaanza kukonyezana. Nikaona aibu mimi. Nikanyoosha mkono nimmalizie.

Akanichapa mkono.

"Ulipokuwa hujui kuandika, nilikuandikia?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa kando."

Nikakaa kando. Mshale ukapanda, ukapotea, ukarudi, ukatua. Akabonyeza. Mashine ya kuchapisha ikakoroma, ikatoa karatasi yenye jina lake.

Hakuna aliyekonyeza tena. Mama akanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu," akaniita, "nimemaliza. Njoo unisahihishie."