Muzna na Kitana cha Jini

Kwa miaka kumi na mitatu tu aliyokuwa nayo, Muzna ndiye aliyepanga magendo yote ya sukari pale Pangani. Msako wa wahujumu uchumi ulipokuja, alikamatwa baba yake. Muzna akaiba kitana cha jini wa pangoni, ili jini akikomboe kwa kumtoa baba gerezani.

Jini alirudi peke yake.

"Mlango nimeufungua. Amekataa kutoka."

"Kwa nini?"

"Amekiri magunia ni yake. Akitoroka, watakutafuta wewe."

Muzna alikibana kitana hadi meno yakamchoma kiganjani. "Kumbe alijua?"

"Tangu gunia la kwanza."

Alikimbia hadi kituoni. "Shikamoo, afande. Magunia yale ni yangu."

Askari wakacheka, wakamwambia akacheze na wenzake.