Mtutu wa Pembe Nane

Ngugi alivua kofia kabla ya kuiba. Alikuwa mzee wa kanisa, na kitu cha marehemu hakiibwi kichwa kikiwa kimefunikwa.

Bunduki tano zililala juu ya meza ya chakula ya Mathenge, pale Giakanja, zikingoja kufungwa kwenye magunia. Zote zilikuwa za wenzo, zile za kale: unashusha wenzo ulio chini ya kifyatulio, unaurudisha, na risasi imepanda. Mwenye leseni alikuwa amezikwa Jumamosi, kwa hiyo bunduki zake zilipaswa kwenda polisi. Mjane wake, Wakonyo, alimwita Ngugi azipake mafuta, maana angemwamini nani mwingine?

Nne kati yazo zilikuwa za kawaida. Ya tano haikuwa na ya kufanana nayo kuanzia Sagana hadi Timau: nusu ya mtutu wake ilikuwa na pembe nane, nusu ya mbele ilikuwa mviringo. Kwa miaka ishirini na minne Ngugi alimwomba Mathenge wabadilishane na ya kwake.

"Labda nikifa," Mathenge alikuwa akijibu.

"Basi usichelewe."

Na wote wawili walikuwa wakicheka mpaka chai inamwagika.

"Baba Wangechi," Wakonyo aliita kutoka jikoni, "hiyo ya pembe-pembe uifunge peke yake. Na ushone na hiyo uzi nyekundu."

"Kwa nini peke yake, Mama Mugo?"

"Mzee aliniachia maneno. Utasikia Alhamisi."

Kwenye mazishi alikuwa amemwona Mukhtar, mchuuzi wa ng'ombe wa Nanyuki ambaye pia hukusanya bunduki za wenzo, akinong'onezana na Wakonyo kwa muda mrefu kuliko pole yoyote inavyohitaji.

"Ni Mukhtar?"

"Ngai! Una haraka kama mtoto wa bweni aliyesikia kengele ya chakula." Wakonyo alitokea mlangoni akijipangusa mikono. "Na uko na kitambulisho? Nipe nipige picha. Hao watu wa kituo wanapenda karatasi."

Ngugi alimpa bila kufikiri. Mawazo yake yalikuwa nje, kwenye kiti cha nyuma cha gari, ambako bunduki yake mwenyewe ililala ndani ya blanketi. Urefu uleule, wenzo uleule, mtutu wa mviringo kama wa watu wote. Alikuwa ameibeba kuja kulinganisha tu. Ndivyo alivyojiambia njia nzima.

Mukhtar hakuwahi kuiona ile ya pembe nane, alikuwa akiisikia tu. Akikuta mtutu wa kawaida, ataamini marehemu alipenda kujisifu. Na mjane hawezi kutofautisha mtutu na mpini wa jembe.

Wakonyo alipokwenda kukama ng'ombe, Ngugi alibadilisha. Akashona gunia kwa uzi mwekundu, mshono safi kabisa. Kisha akavaa kofia.

Siku tatu hakula vizuri. Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amekaa kitandani, ile bunduki mapajani, akijaribu kuifurahia, simu ilipolia.

"Baba Wangechi!" Ilikuwa sauti ya Wakonyo. "Nilitaka ukuje upate kila kitu tayari. Mzee aliandika ile ya uzi nyekundu ni yako. Niko hapa kituoni waihamishe kwa jina lako."

Ngugi aliitoa bunduki mapajani, akailaza kitandani.

"Lakini hii afisa amefungua gunia, amesoma namba ya bunduki kwa kitabu chao, na amekataa kuandika." Wakonyo alishusha sauti. "Ati tayari iko kwa jina lako."